Dende hakuli watoto wake, wanakufa juu ya nafasi

Ndugu wakulima, wamama na wababa wa koperative, katika mikutano ya siku hizi tunasikia neno moja linarudi kila mara: «Dende ni nyama mubaya, anakula watoto wake. Afazali tuombe mbuzi.» Kuna koperative moja upande wa Walungu inayotaka hata kupiga kura mwezi ujao ili kuacha ufugaji wa dende. Sisi maagronomu tunaotembea na nyinyi hatukubaliane na hiyo.

Mama mumoja alituita asubuhi aone kama tutabisha tena. Jike lake lilikuwa na damu ku mudomo, na watoto wawili wamelala wamekufa pembeni ya jiko. Kwake maneno yalikuwa yamekwisha. Lakini kila dende anayezaa anakula kondo la nyuma na kulamba watoto wake. Damu ya mudomo inatoka pale. Tukashika wale watoto, tukawageuza. Hakuna alama ya meno hata moja. Mbavu ndizo zilivunjika. Walikanyagwa.

Tulihesabu dende ndani ya ile jikoni: kumi na tatu, na madume wanne kati yao. Hapo ndipo shida iko. Dende jike akizaa, saa chache tu kiisha anaweza kupandwa tena. Madume wote wanasikia harufu, wanaanza kumukimbiza, wao wenyewe wanapigana, na mutoto wa siku moja iko chini ya miguu yao. Kabla ya kuumana madume wanatoa alama: manyoya ya shingo yanasimama, meno yanagongana ta-ta-ta. Ukisikia ile sauti, tenganisha mara moja, kwa ubao ao kitambaa kinene. Usiingize mukono mutupu.

Tukubali pia kosa letu. Miaka ya nyuma tuliwapa watu jike na dume, jike na dume, tukifikiri madume mingi italeta watoto mingi. Ilileta vidonda vya mugongo na masikio yaliyopasuka. Dume mumoja anatosha kwa majike saba hata kumi.

Sasa tunaomba jambo moja ndogo: mama dende azae mbali na dume. Mimba inakaa siku karibu 68. Tumbo likipanuka pande zote mbili, usingoje siku za mwisho, juu kumushikashika wakati ule kunaweza kutoa mimba. Mubebe na mikono miwili, moja chini ya matako, umuweke ku kona yake. Matofali ya udongo yanatosha, ao mianzi, na majani makavu chini. Kama majike wawili wana mimba ya wakati moja, waweke pamoja: kila mumoja ana chuchu mbili tu, na wananyonyeshana watoto bila ugomvi. Acha tundu la vidole vitatu kati ya matofali, watoto wapate mahali pa kukimbilia pasipoingia mukubwa. Funika juu, sababu panya na paka wanakuja usiku. Na majani mabichi kila siku, matembele ao mengine: dende, sawa vile mutu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Jike mwenye njaa hana maziwa, hata ukimujengea nyumba ya kifalme.

Wenzetu wengine watasema tunapoteza uzazi, juu dume akikaa pale jike anazaa karibu mara tano kwa mwaka. Kwa hesabu ni kweli. Lakini jike anayebeba mimba huku ananyonyesha, na anakula maganda tu, anakonda. Sisi tunapenda mara tatu zenye watoto wazima kuliko mara tano za kuzika. Watoto wakifika wiki tatu, watoe kwa mama, madume mbali na majike. Usingoje, juu kajike kadogo kanaweza kushika mimba mapema sana.

Kuna jambo lingine, na hapa tunaongea na wababa. Dume mukubwa ndiye anapelekwa ku soko kwanza, sababu iko na nyama. Anayebaki ni mutoto wake, anapanda dada zake, na uzao unazidi kuwa mudogo. Mama analisha, mutoto wa shule anakata majani akingoja daftari na minervali, kiisha kikundi kinaharibika kwa bei ya dume mumoja. Uzeni madume wadogo. Yule mukubwa mubadilishane na kijiji kingine kila mwaka; mugeni akae peke yake wiki mbili kwanza, na wa zamani atoke mbele mugeni hajaingia.

Mbuzi ni muzuri, hatukatai. Lakini wakati wa kukimbia, wamama wengi walibeba dende ndani ya kitunga, na ng'ombe na mbuzi zikabaki kwa wanyang'anyi.

Yule mama amekubali kujaribu. Madume watatu wametoka, matofali yamepangwa nyuma ya mulango, na majike wawili wamo ndani. Kwa hesabu yetu watazaa mbele ya siku ya kura. Tunaomba wanakoperative wapite kwake waangalie, kiisha ndipo wapige kura.