Ng'ombe wa nyanya alipimwa vizuri kuniliko

Kama umekulia Kenya na hujawahi kuambiwa una "taifodi na brusela", basi una bahati au huendi kliniki. Magonjwa haya mawili huja pamoja kama chipsi na soseji. Unaingia na homa, kichwa kinagonga, magoti yanauma, unatolewa damu kidogo, unakaa kwenye benchi dakika ishirini ukibonyeza simu, unaitwa. Karatasi ina alama mbili za kujumlisha. Unatoka na mfuko wa dawa mkubwa mpaka unaona haya kuubeba kwenye matatu.

Yangu ilinipata nikiwa kwa kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya huku Ukipsigis, upande wa Sotik, Kaunti ya Bomet. Wiki hiyo hiyo ng'ombe wake alikuwa ametupa mimba ya miezi saba. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akavaa glavu, akamtoa ng'ombe damu shingoni, akaipeleka kwenye maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo kule Kericho. Mimi nikapanda boda hadi kliniki moja ambayo sitaitaja. Nikaambiwa nina brusela, dawa wiki sita.

Nikauliza wametumia kipimo gani. Jamaa akanitazama kama mtu aliyeuliza jina la mpishi kwa kibanda. "Si ni cha brusela." Sasa, mimi nilisoma kozi ya maabara mihula mitatu kabla karo haijanishinda, kwa hivyo nilijua vichupa vya kuangalia pale mezani. Kilikuwa kile kipimo cha zamani cha antijeni za homa, kinachofanywa kwenye kigae cheupe. Majibu ya ng'ombe yalipokuja, alikuwa amepimwa kwa Rose Bengal. Hana brusela. Mimba ilitoka kwa sababu nyingine ambayo hadi leo hatuijui.

Manze, ng'ombe alipata kipimo bora kuniliko. Unaweza kucheka, mimi pia nilicheka, lakini hapo ndipo kuna stori yenyewe.

Brusela ni bakteria. Jina limetoka kwa David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyeigundua kisiwani Malta mwaka 1887 kwa wanajeshi waliokuwa wakifa kwa homa. Ilichukua hadi 1905 ndipo Themistocles Zammit, daktari wa hapo hapo Malta, akaonyesha kwamba ilikuwa inatoka kwa mbuzi waliokuwa wakikamuliwa maziwa. Kwa ng'ombe huharibu mimba, hasa ikishakuwa kubwa. Kwa mtu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu usioisha, na kwa wanaume korodani zinaweza kuvimba. Unaipata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma na ndama mfu kwa mikono mitupu, kitu ambacho karibu kila mfugaji wa Bomet amefanya saa nane usiku akiwa na tochi ya simu.

Sasa soma tena hizo dalili. Homa, jasho, viungo, uchovu. Ni malaria? Ni taifodi? Ni kifua kikuu? Inaweza kuwa yoyote kati ya hizo, au nyingine ambayo hujawahi kuisikia. Daktari hawezi kukuangalia macho akajua. Ndiyo maana kipimo ndicho kila kitu hapa.

Vipimo vyote viwili, cha ng'ombe na changu, vinafanya kazi kwa wazo moja. Mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili. Mtu wa maabara anachukua maji ya damu yako, anayachanganya na tone la brusela waliokufa waliotiwa rangi, anatikisatikisa, kisha anaangalia kama vinagandana vipunje vipunje. Tofauti ni kwamba kile cha antijeni za homa hugandana ovyo. Kingamwili za ugonjwa mwingine kabisa zinaweza kukigandisha, na msomaji aliyechoka saa kumi jioni anaweza kuona vipunje ambavyo havipo. Tone la Rose Bengal, lile la rangi ya waridi, limetiwa tindikali kidogo ambayo inapunguza huko kugandana kusikohusika. Unatikisa dakika nne, unasoma. Si mashine ya mamilioni. Ni kichupa, kigae na kijiti.

Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa hospitali magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2017 ulivipima vipimo hivi viwili kwa watu wale wale. Kile cha antijeni za homa kilisema karibu mtu mmoja kati ya watano ana brusela. Rose Bengal ikasema ni kama mmoja kati ya mia. Rudia hiyo kichwani. Watu ishirini wanaambiwa wana ugonjwa, na ni kama mmoja tu ambaye pengine anao. Na hata huyo mmoja si hakika atakuwa kwenye wale ishirini, kwa sababu kipimo kibovu pia huwaruka wagonjwa wa kweli.

Hata Rose Bengal si malaika. Kingamwili hukaa mwilini muda mrefu baada ya kupona, kwa hivyo mtu aliyewahi kuugua anaweza kuonyesha alama leo akiwa mzima. Jibu la uhakika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwa damu, lakini hiyo huchukua siku nyingi, wakati mwingine wiki, na ni hatari kwa anayefanya: brusela inaambukiza watu wa maabara kwa urahisi sana. Ndiyo maana kituo cha afya cha kule mashinani hakitafanya hiyo. Rose Bengal kinaweza. (Ya taifodi nayo ni hadithi yake. Kipimo cha Widal kilianza 1896 na bado tunakisomea watu hukumu kama kimetoka kiwandani jana.)

Utasema, sawa, nimepewa dawa bure, zitaniumiza nini? Dawa za brusela si za mzaha. Kawaida ni doksisaiklini wiki sita pamoja na rifampisini, au na sindano za streptomaisini. Rifampisini unaijua hata kama hujui unaijua, ni moja ya nguzo za kutibu kifua kikuu. Chukua kijana mwenye kifua kikuu ambacho hakijatambuliwa, anatoka jasho usiku, amekonda. Mwambie ana brusela, mpe rifampisini bila dawa zingine za TB. Atapata nafuu kidogo, wale bakteria dhaifu watakufa, wale sugu watabaki. Tumemtengenezea TB mbaya zaidi, na atakohoa ndani ya matatu ile ile unayopanda wewe.

Halafu kuna ugonjwa halisi ambao umeachwa hapo ndani. Mfano mzuri uko ng'ambo ya mpaka, Moshi, Tanzania. Watafiti waliwafuata wagonjwa 870 waliolazwa na homa, matokeo yakachapishwa 2013. Madaktari walikuwa wamesema asilimia 60.7 wana malaria. Walipopimwa vizuri, wenye malaria walikuwa asilimia 1.6. Kati ya wale waliofanyiwa vipimo vyote, zaidi ya robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama: leptospirosisi ya mikojo ya panya na mifugo, homa ya Q, homa za kupe, na ndiyo, brusela nayo ilikuwemo. Kwa hivyo usinisome vibaya. Sisemi brusela ni uongo wa madaktari. Ipo, inatesa watu. Ninachosema ni kwamba tunampa asiye nayo na kumnyima aliye nayo.

Hapa sasa nije kwa kinachoniudhi. Nchi ya chai inajua kupima ikiamua. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, baridi yake unaijua, na bado malaria ilikuwa inalipuka kule kwa mawimbi. Hospitali za mashamba makubwa ya chai zilihesabu wagonjwa hao mwaka baada ya mwaka, kwa miongo. Rekodi hizo ni maarufu duniani. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha makala iliyotumia Kericho kuuliza kama joto la dunia ndilo linapandisha malaria milimani, mwaka 2011 wengine wakarudi na vipimo vya joto vya Kericho wakionyesha kwamba kweli kumekuwa na joto zaidi, na wasomi wakabishana weee. Damu ya wachuma chai wetu imesomwa mpaka Oxford. Kericho pia imekuwa moja ya vituo vya majaribio ya chanjo ya HIV, kupitia KEMRI na mpango wa Walter Reed wa jeshi la Marekani, sambamba na Kampala na Mbeya.

Mchuma chai akilala na malaria, majani yanakomaa shambani na kampuni inahesabu hasara. HIV ina wafadhili. Brusela ya mama mwenye ng'ombe wawili Silibwet au Litein haina mwenyewe. Hiyo ni maoni yangu, lakini nipe sababu nyingine niisikie.

Na si kwamba serikali haijui. Mwaka 2015 orodha ya magonjwa ya wanyama yanayopaswa kupewa kipaumbele kwa binadamu Kenya ilipopangwa, brusela ilikuwa kwenye tano bora, pamoja na kimeta, malale, kichaa cha mbwa na homa ya Bonde la Ufa. Tangu ugatuzi wa 2013, hospitali na huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, yaani gavana mmoja, bunge moja la kaunti. Lakini ni idara mbili na bajeti mbili. Daktari wa kogo hakujua kwamba mjukuu ana homa. Kliniki yangu haikuuliza kama nyumbani kuna ng'ombe aliyetupa mimba. Hilo lilikuwa swali la bure kabisa, halihitaji hata kichupa.

Kumbuka kelele za mwisho wa 2024 kuhusu chanjo ya mifugo? Ng'ombe milioni 22, mbuzi na kondoo milioni 50, na mtandao mzima ukijadili kama Bill Gates anataka kuzuia ng'ombe wetu wasijambe. Ilikuwa chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo kwa ng'ombe, na ya sotoka ya mbuzi na kondoo kwa hao wengine. Hayo magonjwa mawili hayaui binadamu. Chanjo ya brusela ya ndama jike ipo, inaitwa S19, imekuwepo tangu zama za babu zetu. Katika ule ubishi wote, sikuona mwanasiasa hata mmoja akiuliza iko wapi. Sisi nasi tulikuwa tunatengeneza mimi.

Maziwa je? Habari njema ni kwamba chai yetu inatulinda. Chai ya Kenya hupikwa na maziwa ndani ya sufuria mpaka ifure, na brusela haivumilii kuchemshwa. Mursik ya kogo pia haina shida, kwa sababu yeye huchemsha maziwa kwanza, yakapoa, ndipo yanaingia kwenye sotet iliyosuguliwa mkaa. Shida ni ile ya kununua barabarani kwenye chupa ya soda, ambayo hujui kama muuzaji alichemsha au aliruka hiyo hatua ili kuokoa kuni. Uchachu peke yake usiutegemee. Na kwa wale mnaopenda maziwa moto moto kutoka kwa titi eti ni ya asili, hata brusela ni ya asili.

Kwa hivyo ukiwa na homa wiki hii, iwe uko Kericho, Kapkatet au Umoja, mambo ni machache. Omba malaria ipimwe kwanza. Ukiambiwa brusela, uliza jina la kipimo, na kama si Rose Bengal omba kirudiwe hospitali kubwa kabla hujameza kidonge cha kwanza cha wiki sita. Mwambie daktari kama unakunywa maziwa mabichi, kama umezalisha ng'ombe, kama kuna mnyama aliyetupa mimba nyumbani. Kama kikohozi kimezidi wiki mbili, taja kikohozi hata usipoulizwa. Kama umeajiriwa, SHA inakukata asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, kwa hivyo usiogope kuuliza maswali kwa sauti.

Mimi nilienda hospitali ya serikali kesho yake. Wakanichoma kidole, wakaweka damu chini ya hadubini. Malaria. Wiki mbili kabla nilikuwa Kisumu kwa arusi, nikalala bila neti kama mjinga. Dawa siku tatu, nikapona. Ule mfuko wa wiki sita bado uko kwenye kabati la kogo, haujafunguliwa. Ameniuliza mara mbili kama ng'ombe anaweza kuzimaliza.