Wacheni Kuvunja Programu za Watu

Wasee, tuongee ukweli. Kuna tabia ya wasanidi imenichosha. Mtu anatoa toleo jipya la maktaba yake ya C, programu za watu zinaanguka, halafu anajibu eti "si wakompaili upya." Wakompaili nini? Wengi wana programu iliyokompailiwa tayari, msimbo hawana, na aliyeiandika alishahamia mambo mengine kitambo.

Kumbukeni 2010. Watumiaji wa Fedora 14 walianza kuskia sauti ya Flash ikikwaruza. Kumbe glibc ilibadilisha memcpy, ile fankisheni ya kunakili baiti. Kwenye prosesa fulani ilianza kunakili kutoka nyuma kuja mbele, ili iende mbio. Ni kweli Flash iliitumia vibaya, ju maelezo yanakataza kunakili sehemu zinazopandana. Wengine wakasema basi, kosa ni la Flash, kesi imeisha. Linus Torvalds akakataa: mtumiaji hajali sheria ya memcpy, anajali kilichofanya kazi jana. Mimi niko na Linus.

Na dawa ilipatikana. Kwa glibc 2.14, mwaka 2011, memcpy mpya ilipewa lebo yake ya toleo, na ya zamani ikabaki na lebo ya zamani. Programu za kale zikaendelea na yao, mpya zikapata mbio. Nani aliumia? Hakuna.

"Lakini hiyo inazuia maendeleo!" Wapi? Libcurl haijavunja ABI yake tangu 2006, na kila mwaka inaongezwa vitu kibao.

Siri si kubwa. Fankisheni ya zamani usiiguse, ongeza mpya kando. Strakti iliyo hadharani usiichomeke kitu katikati: programu ya jana bado inasoma baiti ya 8, na hapo sasa kumekaa kitu kingine. Haitalalamika, itasoma takataka tu na kuendelea. Na ikibidi kabisa uvunje, badilisha nambari kwenye jina la maktaba, .so.4 iwe .so.5, ndio zote mbili zikae kwa mashine moja bila vita.

Hiyo ni kazi ya ziada? Ndio, na ni yako. Ukikwepa saa moja yako, maelfu ya watu wanalipa zao. Ahadi ni deni, na faili yako ya .h ni ahadi. Unapinga? Leta hoja.