Nguvu Siyo Shabaha

Mpunga ukianza kujaza punje katika uwanda wa Ruzizi, watoto hupelekwa shambani kuamia ndege. Wanakwenda na manati na wosia uleule tuliopewa sisi: tafuta mpira mkali, tafuta jiwe zito. Mtoto akikosa, lawama ni yake. Hana jicho, wanasema. Jicho la mtoto ni zima. Kilichooza ni wosia.

Tupige hesabu. Jiwe likitoka kwenye manati kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde, hufika mita 20 baada ya nusu sekunde, na njiani limeshuka mita 1.2 hivi. Mpiga manati mzoefu anaujua mshuko huo bila kalamu: anainua mkono, analenga juu kidogo. Sasa mpe jiwe lililozidi uzito kwa sehemu moja ya kumi tu. Mpira una nguvu ileile, kwa hiyo jiwe linatoka polepole zaidi na kushuka sentimita 12 za ziada. Na ndege mwenyewe, kwelea kwelea mzima, kutoka mdomo hadi mkia, ana urefu wa sentimita 12 hivi. Jiwe limempita chini, na mtoto hakukosea chochote.

Mpe jiwe jingine jepesi, litapita juu. Lenye pembe litakata upepo vibaya na kwenda upande. Mkono hauwezi kujifunza kitu ikiwa kila pigo lina tabia yake. Mpira mkali nao hauponyi ugonjwa huo. Tena unauchosha mkono, ukaanza kutetemeka kabla ya kuachia.

Wanaolenga shabaha kwa bunduki za upepo wanalijua jambo hili vizuri. Katika mashindano ya Olimpiki ya mita 10, kitovu cha shabaha ya bunduki ndefu kina upana wa nusu milimita. Risasi wanazotumia ni za milimita 4.5, zenye uzito wa nusu gramu hivi, kichwa bapa, na mwendo wake ni wa chini kuliko ule unaosifiwa kwenye matangazo ya bunduki za kuwindia. Hawatafuti iliyo kali. Wanaifunga bunduki isitikisike, wanajaribu aina moja baada ya nyingine, kisha wananunua ile inayorudia tundu lilelile. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti.

Najua jibu litakalokuja: jiwe zito linaua. Sawa, anayewinda kanga kwa karibu ana haki ya kusema hivyo. Lakini mwenye shamba la mpunga hahitaji uzito uliopita pembeni. Na sisi wa huku, tulioishi miaka mingi katikati ya silaha, tumezoea mno kudhani kwamba mwenye chombo kikali ndiye fundi.

Dawa iko chini ya miguu yetu. Udongo wa mfinyanzi tunaofyatulia matofali, uondoe changarawe, uukande. Pima kwa kizibo cha bia ya Primus, kizibo kimoja kwa gololi moja. Viringisha viganjani, anika kivulini kwanza zisipasuke, halafu juani. Utapata gololi za mviringo, za uzito mmoja. Zikianguka, mvua inazirudisha udongoni. Hazibaki shambani kuvunja makali ya jembe.

Ni kazi, ndiyo, na mawe ni ya bure. Basi anayebisha atundike bidoni tupu kwenye mti, ahesabu hatua 20, arushe mawe kumi ya kuokota kisha gololi kumi za udongo, kwa manati ileile na mkono uleule. Apime mapigo yalivyotawanyika. Akimaliza, amwombe radhi mtoto aliyemtukana.