Mzee Asile Peke Yake: Meza ya Mkono kwa Mzazi



Wasomaji wapenzi, katika nyumba nyingi za Majengo na Mji wa Kale chakula bado huandaliwa chini. Mkeka hutandikwa, sinia likawekwa katikati, na wakubwa kwa wadogo wakakusanyika. Ni ada njema tuliyorithi, na yafaa tuishike. Lakini ada hiyo ina mtu inayemwacha nje bila ya sisi kukusudia, naye ni mzee ambaye magoti yake hayakunjiki tena. Huyu hukalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, akawekewa sahani mapajani au juu ya stuli, akala huku akiwatazama wenzake kwa juu. Baada ya muda huanza kusema, "Nileteeni chumbani." Baadaye hata hilo hasemi, huletewa tu. Siku moja tunazindukana kuwa mama aliyetulisha kwa mkono wake ana mwaka mzima hajala na mtu.

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya zawadi inayoweza kumrudisha mama huyo katika jamaa yake, nayo ni meza ya mbao iliyotengenezwa kwa mkono, kwa kipimo chake yeye. Wengi wetu tukitaka kumkirimu mzazi humnunulia leso, marashi au kanzu. Vyote ni vizuri, na mzee hufurahi. Lakini leso hukunjwa ikatiwa kabatini, na wakati wa chakula cha mchana mama yuko pale pale ukutani.

Je, meza si kinyume cha mwenendo mwema?

Baadhi ya wazee wenyewe hukataa meza kwa hoja ya dini, na hoja yao haifai kupuuzwa. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (S.A.W.) hakula juu ya meza. Imam Ghazali, katika Ihyaa Ulumiddin, ameeleza kuwa kula juu ya kitambaa kilichotandikwa chini ndiko kulikokaribiana zaidi na unyenyekevu, kisha akabainisha kuwa hilo halimaanishi kwamba kula mezani kumekatazwa. Basi mwenye uwezo wa kukaa chini na akae chini. Asiyeweza hana lawama, na sisi wanawe tuna wajibu juu yake. Sura ya Al-Israa, katika aya ya 23, inapotuamrisha kuwafanyia wema wazazi, inawataja hasa wale wanaofikia uzee wakiwa nasi.

Na kuna kisa kingine ambacho kila seremala Mwislamu hupenda kukisikia. Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah kwamba mwanamke mmoja wa Kiansari alimwendea Mtume (S.A.W.), akamwuliza kama amtengenezee kitu cha kukalia, kwa kuwa alikuwa na mtumwa aliyekuwa seremala. Mtume alikuwa akihutubu akiwa ameegemea gogo la mtende. Mimbari ikatengenezwa, na katika mapokezi ya Sahl bin Saad tumeelezwa kuwa mbao zake zilikuwa za mti uliotoka Ghaba, karibu na Madina. Tuzingatie alivyoanza mwanamke yule. Ni kana kwamba alitazama kwanza namna Mtume alivyokuwa akisimama, ndipo akafikiria zawadi. Katika hili ndimo lilimo somo letu.

Kipimo kwanza

Fundi akiambiwa tu "nataka meza ya kulia," atakata miguu ya meza hadi ifikie kimo cha sentimita 75 hivi, kwa sababu ndicho kipimo kinachoendana na kiti cha sentimita 45. Lakini kiti cha mama huenda ni kifupi zaidi, au yeye mwenyewe amepungua kimo kwa umri. Meza ikimfika kifuani, atalazimika kuinua bega kila anapochukua tonge, na bega lenye maumivu litamrudisha chumbani upesi kuliko magoti.

Basi mkalisheni katika kiti anachokitumia kila siku, pamoja na mto wake, nyayo zikikanyaga sakafu sawasawa. Pimeni kutoka sakafuni hadi anapokalia, kisha ongezeni sentimita 25 hadi 30. Ikiwa anakalia sentimita 40, meza yake ni ya sentimita 65 hadi 70. Hakikisheni ile mbao ya ubavuni iliyo chini ya uso wa meza haimgusi mapaja. Ikiwa anatumia kiti cha magurudumu, pimeni pia kimo cha mikono ya kiti hicho, ili kipate kuingia chini ya meza.

Kipimo cha upana ndicho kinachosahauliwa zaidi. Kila mlaji anahitaji takriban sentimita 60. Meza ya sentimita 120 kwa 75 itawatosha watu wanne, wawili kila upande. Chumba kikiwa kidogo, meza ya mraba ya sentimita 75 itawatosha wawili wanaoelekeana. Isiwe chini ya hapo. Meza ya mtu mmoja haitibu upweke. Inaupa tu mahali pa kukaa.

Jambo la mwisho katika kipimo ni usalama. Mzee anapoinuka huegemea meza kwa mikono miwili. Kwa hiyo miguu na iwe minne, nayo iwe pembeni kabisa. Meza ya mguu mmoja wa katikati hupinduka ukibanwa ukingo wake, na kuanguka kwa mzee si jambo dogo. Pembe za uso wa meza zipigwe tupa zikawa za mviringo, zisimchubue.

Mbao na viungo

Mvule ni mbao nzuri kwa pwani. Mchwa hauipendi, na rangi yake ya manjano huiva ikawa kahawia kadiri miaka inavyokwenda. Bei yake ni kubwa, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo anayeipiga msasa avae barakoa. Mwembe hupatikana kwa wepesi zaidi na una michirizi ya kupendeza, lakini hushambuliwa na wadudu watoboao mbao, basi utiwe dawa kabla ya kuunganishwa. Saiprasi ni nyepesi na rahisi kukata, ila hukwaruzika haraka.

Zipo pia mbao tulizo nazo tayari. Kitanda cha zamani cha marehemu babu, mlango uliong'olewa, kabati lililovunjika: mbao hizo zimekwisha kukauka kwa miaka mingi, na hazipindi kama mbao mbichi ya sokoni. Meza iliyotoka katika kitanda cha babu ina thamani ambayo hakuna duka linaloiuza. Chunguzeni tu misumari iliyojificha na matundu ya wadudu. Ikiwa mbao ina rangi ya mafuta ya zamani, msiipige msasa penye watoto, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu.

Mwombeni fundi aunganishe miguu kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja ichongwe iingie katika tundu la nyingine, kisha itiwe gundi. Misumari mitupu hulegea, na meza ikaanza kuyumba. Uso wa meza nao usifungwe kwa nguvu kila mahali. Hewa ya Mombasa hubeba unyevu mwingi, na mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake baina ya masika na kaskazi. Uso usiopewa nafasi ya kucheza utapasuka.

Kazi hii ya kukata na kuunganisha ni ya seremala, na alipwe haki yake kwa wakati. Lakini hatua zinazofuata zaweza kufanywa na familia yenyewe, wanawake na watoto wakiwemo. Hapo ndipo zawadi inapokuwa ya mkono wetu.

Msasa na rangi

Anzeni na msasa namba 80, kisha 120, na mmalizie kwa 180. Daima sugueni kufuata nyuzi za mbao. Mkisugua kwa kukata nyuzi, mikwaruzo itafichika hadi siku ya kutia rangi, ndipo itakapojitokeza yote. Alama za gundi nazo ziondolewe kabisa, kwa sababu mahali penye gundi mbao hainywi rangi, na pataachwa doa jeupe.

Rangi ninayoikusudia ni ile ya kunywesha mbao, ambayo mafundi huiita steini. Haifuniki mbao kama rangi ya ukutani. Huingia ndani, na michirizi ikabaki kuonekana. Ijaribuni kwanza juu ya kipande kilichobaki katika ukataji wa meza hiyo hiyo, kwa kuwa rangi ya kopo moja huonekana tofauti juu ya mvule na juu ya mwembe. Pakeni kwa kitambaa, subirini dakika chache, kisha futeni yote iliyobaki juu. Kwenye ncha za mbao, palipokatwa kwa kukingama, rangi hunywewa zaidi na huwa nyeusi, basi hapo pakeni kidogo.

Mchagulieni mama rangi kwa ajili ya macho yake, wala si kwa mtindo wa madukani. Macho yaliyofifia huona vyema pale vitu vinapotofautiana. Sahani nyeupe juu ya meza ya kahawia iliyokolea huonekana ukingo wake wote. Juu ya meza ya rangi ya maziwa hupotea, na mama akamwaga mchuzi, akaona haya, akaacha kuja. Kwa sababu hiyo hiyo, vanishi ya kumalizia isiwe ya kung'aa sana, kwani mwanga wa dirishani ukiipiga humchoma macho. Ipo vanishi isiyong'aa, na ndiyo inayofaa.

Vanishi ipakwe nyembamba, mara mbili au tatu, na kila mara baada ya kukauka isuguliwe kidogo kwa msasa laini. Upande wa chini wa meza nao upakwe, ili unyevu usiingie upande mmoja ukaipinda mbao. Kazi ifanyike uani au darini penye upepo. Harufu ya thina haifai kwa mwenye mimba, mtoto mchanga wala mwenye pumu.

Wapo wanaopendelea mafuta badala ya vanishi. Mafuta ya kitani hukauka na kuilinda mbao. Mafuta ya nazi hayakauki, na baadaye huvunda. Lakini yashikeni haya: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto chenyewe na chaweza kuwaka moto bila ya kiberiti. Katika mitaa yetu ambayo nyumba zimeegemeana, hilo si jambo la kulifanyia mzaha. Kitandazeni nje kikauke, au kiloweshwe maji kabla ya kutupwa.

Msiwe na haraka. Vanishi hukauka juu kabla ya kukauka ndani, na wakati wa mvua huchelewa zaidi. Sufuria ya moto juu ya vanishi changa huacha alama isiyotoka. Ipeni meza mwezi mmoja tangu mkono wa mwisho wa rangi, hadi harufu iishe kabisa. Anayetaka iwe tayari kwa futari ya kwanza ya Ramadhani aanze kazi tangu Rajabu.

Siku ya kuitoa

Mwaka jana nilizuru nyumba moja ya mtaani kwetu ambako watoto walimnunulia mama yao meza ya kioo, ya fahari kweli. Ilikuwa ndefu kuliko kiti chake, tena wakaiweka chumbani kwake. Nilipokwenda ilikuwa imebeba nguo zilizopigwa pasi, na bibi anakula kitandani. Watoto hawakukosa mapenzi wala mali. Hawakuwa wamempima tu, na walikuwa wamesahau kuwa meza haina kazi bila ya watu.

Kwa hiyo, iwekeni meza pale pale mkeka unapotandikwa, si chumba kingine. Pangeni zamu: leo ale naye mjukuu huyu, kesho mkwe, keshokutwa mwana aliyerudi kazini. Wengine waendelee kukaa chini karibu naye, mazungumzo yawe mamoja. Imepokewa kwamba Masahaba walipolalamika kuwa wanakula na hawashibi, Mtume (S.A.W.) aliwauliza kama huenda wanakula mmoja mmoja, akawaelekeza wakusanyike ili wapate baraka. Mzee wetu asinyimwe baraka hiyo kwa sababu ya magoti.

Na kwa wale ambao hawana uwezo wa mbao wala fundi kwa sasa, kipimo hakina gharama. Chukueni futi leo, mpimeni mama kimo cha kiti chake, mwandike mahali. Na mpaka meza ipatikane, mmoja wenu avute kiti cha pili, akae naye pale ukutani, ale naye.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwatumikia wazazi wetu wangali hai, na awarehemu waliotangulia.