Mafua ya mwenye mapafu mabovu ni dharura

Kipupwe kimeingia. Makete, Njombe na Lushoto watu wanaota moto jikoni, milango imefungwa, na mafua yanahama nyumba hadi nyumba. Kwa wengi ni siku chache za makamasi na chai ya tangawizi. Kwa mwenye pumu, kwa aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu mapafuni, kwa mama aliyepuliza kuni tangu utotoni, mafua hayohayo humlaza wodini, na wapo wasiorudi nyumbani.

Njia zao za hewa zilikwisha kuwa nyembamba. Kirusi kikiingia, kuta zinavimba, makohozi yanajaa, misuli inakaza, na hewa iliyovutwa ndani inashindwa kutoka.

Mtazame mgonjwa huyo zahanati. Amekaa ukingoni mwa benchi, viganja juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Akiulizwa jina anataja la kwanza, anavuta pumzi, ndipo anataja la baba. Anaandikiwa amoksisilini, pamoja na vidonge vya salbutamoli vitakavyomtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio. Pampu ya kuvuta dawa hakuna, akatafute duka la dawa.

Hilo ni kosa, na tunalitaja kwa jina lake: uzembe. Amoksisilini haiui virusi. Bakteria wakifuatia, makohozi yakageuka kuwa kama usaha, antibiotiki ina kazi yake. Lakini haifungui kifua kilichobana. Pampu ya salbutamoli, na ile ya steroidi inayozuia kifua kisibane tena, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zahanati isiyo nazo msimu wa baridi haijajiandaa kumpokea mgonjwa huyu.

Wala tusiambiwe vifaa vya kuvutia dawa ya pampu ni ghali. Mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako na kupachikwa pampu, humfikishia dawa mtoto aliyebanwa na pumu sawasawa na kifaa cha kiwandani. Chupa hizo zimezagaa kila stendi ya mabasi. Kinachokosekana ni pampu yenyewe, na muuguzi wa kumkalisha mgonjwa dakika tano amwelekeze namna ya kuitumia.

Kuhusu chanjo, Serikali haina pa kujifichia. Julai 2021, dozi za kwanza za UVIKO-19 zilipofika Tanzania, wenye maradhi sugu waliwekwa mstari wa mbele pamoja na wazee na wahudumu wa afya. Walitambuliwa, waliitwa, walichanjwa. Chanjo ya mafua makali, ambayo hutolewa kila mwaka na ambayo Shirika la Afya Duniani linawataja watu haohao kuwa miongoni mwa wa kwanza kuipata, mbona haiwafuati hadi kliniki zao?

Tunaitaka Wizara ya Afya ihakikishe pampu za aina zote mbili zipo katika kila zahanati, kwa kuanzia na nyanda za baridi. Kliniki za kifua kikuu zisimfungie faili anayemaliza dozi huku bado anahema. Apimwe nguvu ya mapafu na aandikishwe kwa chanjo. Na bajeti ya chanjo hiyo tunataka kuisikia ikisomwa bungeni kabla ya kipupwe kijacho.