Baba Aamkapo Mara Nne Usiku

Ikiwa kwenu ni Mchinga, ukienda likizo usikilize mlango wa uani usiku. Baba akitoka mara tatu au nne, akakawia huko, kisha akarudi bila kuridhika, usiseme ni uzee tu. Huenda ni tezi dume.

Tezi hiyo iko chini ya kibofu, nayo huuzunguka mrija wa mkojo. Ujanani huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Baada ya miaka 40 chembe hai zake zilizo karibu na mrija huweza kuongezeka, zikafanya vinundu vinavyoubana. Kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu. Kuta zake hunenepa, na mkojo hutoka mwembamba, wa kukatikakatika. Uvimbe huu si saratani, lakini daktari ndiye wa kuthibitisha.

Pwani ya Lindi mzee aweza kudhani ni kichocho, maana nacho kipo. Akikojoa damu, apimwe yote mawili. Mkojo ukiziba kabisa, asingoje kuche: afikishwe hospitali Lindi atiwe mpira.

Najua mtoto huona haya kumwuliza baba mambo haya. Basi mtume mjukuu, ambaye ni mtani wake.