Tusome Romani za Bahari, Lakini Tuulize Nani Analipa



Tangu mwanzo wa mwaka huu kuko mabishano ndani ya masomo yetu juu ya romani. Si romani zote, ni zile za bahari: msichana na kijana wanapendana kando ya maji, na katikati yao kuko ndege, samaki au pori ambalo watu wengine wanataka kuliharibu. Kitabu kimoja kinapita mkono kwa mkono mpaka jalada linatoka. Wakati wa etidi kinalala ndani ya kitabu cha kemia. Usiku kinasomwa chini ya blanketi na taa ya simu. Walimu wamoja wanasema hivi ni vitabu vya mapenzi tu, vinapoteza watoto, na Egzamen ya Serikali haingoji mtu. Wanafunzi wanajibu: "Hapana, Mwalimu, hii ni buku ya nyama na ndege, iko sawa biolojia!"

Kwa sababu kazi ya kunyang'anya vitabu hivyo wakati wa etidi ni yangu, watu wananiuliza niko upande wa nani. Jibu langu ni hili. Etidi ni etidi: kengele ikilia, romani ifungwe, hakuna maneno mengi hapo. Lakini kengele haijibu swali kubwa. Swali kubwa ni kujua vitabu hivi vinatufundisha nini, sisi watu wa Mokambo ambao wengi wetu hatujaona bahari hata siku moja.

Tuanze na bahari yenyewe. Kutoka hapa, ukienda mashariki ao ukienda magharibi, maji ya chumvi yako mbali kupita kilometa elfu moja. Samaki wa bahari tunayemjua ni tomson, anayefika ndani ya karatoni akiwa mgumu sawa jiwe. Basi mtu akifungua kitabu na kukuta maji yasiyo na mwisho, yanayokuja na kurudi yenyewe bila kuomba ruhusa, moyo wake unapumua. Hapa kwetu kila mahali kuko mpaka: bariere, duane, karatasi, foleni ya makamyo. Bahari haina bariere. Njo sababu ya kwanza tunazipenda romani hizi.

Sababu ya pili ni mapenzi, na tusijifanye wajinga. Tuko na miaka kumi na sita, kumi na saba, kumi na minane. Mtu anayesema mapenzi na wanyama havistahili kukaa ndani ya kitabu kimoja, afungue Wimbo Ulio Bora katika Biblia yake. Mle kuko paa na ayala, kuko hua, kuko mizabibu na mbweha wadogo wanaoiharibu, na vyote vinasema juu ya wawili wanaopendana. Kama Kanisa limekitunza kitabu hicho miaka yote hiyo, romani haiwezi kuwa dhambi kwa sababu tu iko na busu na ndege katika ukurasa mmoja.

Sababu ya tatu kwangu njo kubwa. Vitabu hivi vinatuonyesha mtu anayejua jina la kila kitu kilicho mbele ya mlango wake. Sisi tunapita chini ya miti kila asubuhi na tunasema "pori" tu. Wazee wetu walijua huu ni muputu, huu ni mutondo, huu ni mubanga, huu ni mukula. Wangapi kati yetu wa mwaka wa sita wanaweza kuitofautisha? Inatubidi kitabu cha ng'ambo kutukumbusha kwamba mti uko na jina.

Chukueni ile romani inayojulikana kuliko zote za namna hii, Where the Crawdads Sing, ya Mmarekani Delia Owens. Ilitoka mwaka 2018. Wafaransa waliitafsiri mwaka 2020 kwa jina la Là où chantent les écrevisses, na filamu yake ikatoka mwaka 2022. Imeuzwa kupita vitabu milioni kumi. Habari yake iko kwenye pwani ya North Carolina, ndani ya nchi ya majimaji sawa dambo zetu, lakini maji yake ni ya chumvi. Msichana Kya anaachwa na mama yake, halafu ndugu zake wanakwenda mmoja mmoja, mwishowe baba pia haonekani tena. Mtoto anabaki peke yake na ndege. Watu wa mji wanamcheka. Kijana Tate anamfundisha kusoma, anampenda, halafu anakwenda inivesite na harudi siku aliyoahidi. Kijana mwingine, Chase, anamwahidi ndoa wakati yuko na mchumba mwingine. Baadaye Chase anakutwa amekufa, na Kya anapelekwa mbele ya tribinali. Mwisho wake sitausema, kuko wanaongoja zamu yao.

Wengi wetu tumelia juu ya Tate na tumemchukia Chase. Hiyo ni haki yetu. Lakini ninaomba mrudi muangalie mambo mawili ambayo msomaji anayekimbilia busu anayaruka.

La kwanza: Kya anakula kutoka mahali pale pale anapopapenda. Asubuhi mapema anachimba kome ndani ya matope, anapeleka kwa Jumpin', mzee anayeuza mafuta ya mitumbwi, na njo anapata unga na kiberiti. Yeye si mtalii mwenye darubini. Ni mtoto maskini mwenye njaa. Anachukua, lakini anajua kiasi cha kuchukua, na anajua kila ganda na kila unyoya.

La pili: pori lile haliokolewi na machozi. Watu wa mji walitaka kulikausha wajenge. Kya anaandika kitabu juu ya magamba ya bahari, anapata pesa, na kwa pesa hiyo analipa deni la kodi la miaka mingi, dola 800, ili karatasi za udongo ziandikwe jina lake. Mapenzi yalimfundisha kusoma, kusoma kukampa kazi, kazi ikalipa karatasi. Bila karatasi, ndege wote wale wangepoteza nyumba. Ndugu zangu, huo njo moyo wa kitabu, na unapita bila kelele.

Kuko pia jambo ambalo sisi watu wa mpaka tunapashwa kulijua. Kabla ya kuandika romani, Delia Owens na mume wake wa wakati ule, Mark, walifanya kazi ya kulinda tembo katika mbuga ya North Luangwa, Zambia, nchi ile ile ambako sisi tunavuka kununua unga. Walianza mwaka 1986, wakakaa huko karibu miaka kumi. Uwindaji haramu ulikuwa mkali. Mwaka 1996 televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha filamu juu ya kazi yao, na ndani ya filamu hiyo mtu aliyesemwa ni mwindaji haramu anapigwa risasi na kufa. Jina lake halikutajwa. Polisi wa Zambia walifanya uchunguzi, hakuna aliyeshitakiwa, na Delia na Mark walikana kwamba walikuwa na mkono ndani yake. Mimi si juji, na buletini yetu si tribinali. Ninasema jambo moja tu: tembo wa Luangwa waliandikiwa vitabu, lakini yule mtu hakupata hata jina.

Hapo njo ugonjwa wa romani nyingi za namna hii. Kasa yuko na jina, nguva yuko na jina, mbwa wa mzungu yuko na jina, lakini yule anayekata mti ao anayetega wavu ni "watu wa kijiji". Anakuja usiku, anafanya ubaya, anakimbia. Hakuna anayemuuliza watoto wake wamekula nini.

Sasa turudi hapa kwetu. Usiku anayekuja na shoka ni nani? Tuseme ukweli: ni baba yetu, ni kaka yetu, mara nyingine ni sisi wenyewe wakati wa likizo. Wengi wetu minerval inatoka ndani ya kiloba cha makala. Lubumbashi umeme unakatika, watu wanapika kwa makala, na makala ni miombo yetu. Mti uliokua miaka makumi unaingia ndani ya tanuru, na baada ya siku chache umekuwa majivu chini ya sufuria ya bukari. Mukula ni mbaya zaidi. Ulikatwa kwa wingi kwenda China, makamyo yakapita mipaka hii, na mwaka 2017 Zambia iliyazuia makamyo mamia ya mukula kutoka kwetu. Mwaka 2019 mti huo uliandikwa katika mapatano ya dunia yanayoangalia biashara ya viumbe. Walioukata walilipwa kidogo sana. Kwa hiyo mwanafunzi anayelia usiku juu ya ndege wa North Carolina, na asubuhi analipa masomo na makala, si mnafiki. Ni mtu ambaye bado hajaandikiwa romani yake.

Je, inawezekana kula na kutunza pamoja? Kuko pwani ya Kiswahili inayojibu. Gazi, kusini mwa Kenya, watu walikata mikoko kwa kujenga na kwa kuni, sawa sisi na miombo. Tangu mwaka 2013 kuko kazi inayoitwa Mikoko Pamoja. Wanalinda hektari 117 za mikoko, wanauza haki ya hewa ambayo miti hiyo inasafisha, na pesa imenunua maji ya kijiji na vitabu vya shule. Watamu, ambako mbuga ya bahari iliwekwa mwaka 1968, mvuvi akikuta kasa ndani ya wavu anaita watu wa kazi hiyo, kasa anapimwa na kurudishwa majini, na mvuvi anapewa kitu kidogo kwa saa alizopoteza. Hakuna anayemwambia mvuvi afe njaa juu ya kasa. Na Congo yetu pia iko na bahari, kilometa karibu 40 tu, kule Muanda, na mbuga ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye nguva wa mto na kasa wanaokuja kutaga. Nani kati yetu aliyejua hivyo kabla ya kusoma habari za North Carolina?

Walimu wetu wanatufundisha katika Mwanzo, mlango wa pili, kwamba Mungu alimweka mtu ndani ya bustani ailime na aitunze. Ni kazi mbili ndani ya mikono ile ile. Wanaotaka kulima tu watatuachia jangwa. Wanaotaka kutunza tu watatufukuza shambani. Romani mbaya ya bahari inajua kutunza peke yake, kwa sababu watu wake wanakula bila kuulizwa chakula kimetoka wapi. Romani nzuri inaonyesha zote mbili. Njo kipimo changu, na ninaomba kiwe cha wote.

Kwa hiyo ninaleta maombi matatu.

Kwa walimu: musichome vitabu hivi wala musivifungie kabatini. Tupeni saa moja siku ya ijumaa jioni, kitabu kikae juu ya meza, si chini ya blanketi. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kifaransa wakae pamoja nasi.

Kwa wanafunzi: musisome kwa kurukaruka. Kila anayemaliza ajibu maswali matatu mbele ya wenzake. Ni nani anayekula kutoka mahali hapa? Ni nani anayelipa ili paokolewe? Ni nani asiye na jina? Anayeshindwa kujibu amesoma busu peke yake.

Kwa wanaojua kuandika: hatuko na bahari, lakini tuko na miombo, Luapula iko karibu, na Upemba, mbuga ya tangu mwaka 1939, iko na punda milia wa mwisho wa Congo yetu. Andikeni juu ya msichana ambaye baba yake anapakia mukula, na kijana ambaye baba yake anakaa duane. Wapendane. Lakini mwenye shoka apewe jina, mke na deni la minerval, na mti pia upewe jina. Kurasa nne zinatosha. Mikanda itapokelewa kwangu mpaka wiki moja kabla ya likizo ya Pasaka, na nzuri kuliko zote itapigwa katika buletini hii.

Ni mimi ndugu yenu,
Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita